Kocha Broadnax Alikuwa na Akili Zake Timamu

Ulysses Thaddeus Broadnax alifukuzwa kazi kwa uongo. Chuo cha Tolliver kilitangaza kwamba akili zake zimechoka na kwamba yeye hawatambui tena wachezaji wake mwenyewe, na mji mzima wa Dunmore Ferry ukaamini. Katika kanisa hili wasifu husomwa kimya, kila mtu na karatasi yake, huku piano ikipigwa taratibu. Mjane wake, Verlene, ameomba huu usomwe kwa sauti, na mpiga piano ameombwa ainue mikono kutoka kwenye piano.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1947 hapa hapa Dunmore Ferry, Alabama, mtoto wa tano wa Amos Broadnax, mpasua mbao, na Pearlie, aliyekuwa akiwafulia watu nguo. Alizaliwa na mwili mkubwa hata mkunga akamwambia mama yake, "Huyu umemzaa keshakula."

Alisoma shule ya weusi ya kaunti, akahitimu mwaka 1965, kisha akaingia Chuo cha Tolliver. Huko alicheza futiboli yetu hii ya Kimarekani, ya helmeti na kugongana, miaka minne katika safu ya mbele, mahali ambapo mtu hupigwa kila mara na jina lake halitajwi. Alikipenda chuo kile kuliko kilivyostahili. Kuanzia mwaka 1970 hadi alipostaafu mwaka 2008 alifundisha futiboli katika sekondari ya kaunti. Nusu ya wanaume walioketi humu leo amewahi kuwafokea.

Verlene alikuwa mpishi katika jiko la sekondari hiyo. Yeye aliacha shule darasa la nane ili alee wadogo zake, na hakuwahi kurudi. Kocha alianza kupanga foleni ya chakula mara mbili kila mchana.

"Kocha, umeshakula wewe," Verlene alimwambia.

"Nimekula. Sasa nimekuja kutazama."

"Kutazama ni bure. Ondoka, watoto wana njaa."

Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1985 katika kanisa hili, wakajaliwa Lorena na Amos.

Januari 2014 mkuu wa Chuo cha Tolliver, Daktari Carlton Speight, alikuja kuketi barazani kwao. Timu ya chuo ilikuwa imeoza. Misimu miwili ilipita bila ushindi, bendi ilikuwa ikipiga mbele ya viti vitupu, na wahitimu walikuwa wanaona haya kuvaa fulana zake. Daktari Speight alikula pai ya viazi vitamu ya Verlene, vipande viwili, akasema Broadnax peke yake ndiye anayeweza kuifufua.

Alipoondoka, Verlene alisema, "Mzee wangu, hao hawakutaki wewe. Wanataka mtu wa kumtupia lawama."

"Verlene, ni chuo changu."

"Chako? Walikukumbuka lini?"

Alikwenda. Wakati huo alikuwa na miaka sitini na sita, magoti yote mawili mabovu. Mazoezi ya kwanza hakutoa mpira. Aliwapanga vijana mstari mmoja, wakavuka uwanja wakiinama kuokota mawe na miiba. Mmoja akanung'unika, "Kocha, sisi tumekuja kucheza, hatukuja kulima." Akamjibu, "Mwanangu, utaangukia hapa kila Jumamosi. Tandika kitanda chako." Kila Jumapili baada ya ibada aliwaleta nyumbani kwa zamu, na Verlene aliwapikia mboga za majani, mkate wa mahindi na shingo za nguruwe. Msimu wa kwanza walishinda mechi moja. Wa pili walishinda tano. Wa tatu, hadi kufikia Jumamosi ya wahitimu, siku ambayo kila mwaka wahitimu hurudi chuoni kutazama mechi, walikuwa hawajafungwa na mtu. Waliokuwa wakiuliza kama mzee yule ataweza walianza kugombania tiketi.

Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe 15 Oktoba 2016. Uwanja ulifurika, moshi wa nyama za kuchoma umetanda kila mahali. Katika robo ya mwisho ya mechi, Tolliver wakiongoza, kijana Jarrell Pettway, mrusha mpira wao anayeongoza mashambulizi, aligongwa kichwa. Akainuka, akajipangusa, akatembea moja kwa moja hadi kwenye duara la wapinzani waliokuwa wakipanga mchezo wao, akainama kati yao akingoja maelekezo. Watu walicheka. Walidhani ni utani. Broadnax hakucheka. Alimwita kando ya uwanja, akamshika mabega.

"Mwanangu, tuko wapi?"

"Kwa bibi," Jarrell akasema.

Kocha akamvua helmeti, akaketi benchini, akaibana katikati ya magoti yake. Makocha wa hapa hufanya hivyo kwa mchezaji aliyeumia kichwa, kwa sababu kijana wa futiboli ukimwachia helmeti atarudi uwanjani hata kama amesahau jina lake. Daktari Speight alishuka jukwaani na suti yake, akavuka kamba.

"Kocha, mrudishe kijana. Wafadhili wote wako juu pale."

"Kijana hajui yuko wapi."

"Amesimama, anatembea!"

"Kuku naye akikatwa kichwa hutembea. Ukiitaka helmeti hii, Daktari, njoo uichukue."

Tolliver walifungwa kwa pointi tatu. Benchi zima lilisikia maneno hayo, na benchi zima likafunga mdomo lisipoteze kazi. Jumatatu chuo kilitangaza kwamba Kocha Broadnax anapumzishwa kwa ajili ya afya yake, kwamba kumbukumbu imemtoka, na kwamba katika mechi kubwa alimsahau mrusha mpira wake mwenyewe na kumwacha benchini. Walisema hivyo kwa sauti ya huruma. Kama wangemtukana angepona.

Baada ya hapo watu walianza kuzungumza naye polepole, kama na mtoto. Kwa kinyozi walimuuliza, "Mzee, utaijua njia ya nyumbani?" Nje ya duka la vifaa, mtu ambaye Kocha mwenyewe alimfundisha tangu hana ndevu alimshika mkono kumvusha barabara. Aliacha kwenda kwa kinyozi. Verlene akawa anamnyoa jikoni, na alimsikia akirudia majina ya wachezaji wake kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, kana kwamba na yeye ameanza kujishuku. Hilo ndilo Verlene hatalisamehe.

Jarrell alirudishwa uwanjani wiki iliyofuata. Akagongwa tena. Leo havumilii mwanga wa jua na hawezi kusoma ukurasa mmoja akaumaliza. Mama yake alimletea Verlene habari hizo akilia, akasema kijana aliambiwa akifungua mdomo atapoteza nafasi yake chuoni.

Moyo wa marehemu ulianza kushindwa mwanzoni mwa 2018. Hospitalini muuguzi, akiwa amesikia maneno ya mjini, alimuuliza, "Babu, leo siku gani?"

"Jumanne. Na wewe ni mjukuu wa Clem Odom. Babu yako aliangusha mpira wa ushindi mwaka sabini na moja, na bado anadai jua lilimpiga machoni. Mechi ilikuwa usiku."

Muuguzi alicheka hadi akaketi. Kocha alifariki hapo hospitalini alfajiri ya Alhamisi, tarehe 27 Septemba 2018, akiwa na miaka sabini na mmoja, na akili zake zote.

Ameacha mjane, Verlene, binti yake Lorena na mumewe Curtis, mwanawe Amos, wajukuu watatu, dada yake Idella, na vijana wa misimu yote waliomwita baba. Bwana ampokee na kumpa pumziko alilonyimwa hapa.

Jarrell Pettway yuko nyuma kabisa, amevaa miwani ya giza. Yeye hadaiwi chochote, na ataketi na familia wakati wa chakula. Anayedaiwa yuko safu ya tatu. Daktari Speight, umeleta shada la maua lenye rangi za chuo, na limewekwa pamoja na mengine. Familia haikuomba maua. Jumamosi ijayo ni ya wahitimu. Uwanja utakuwa umejaa, na kipaza sauti kitakuwa mkononi mwako kabla ya mechi kuanza. Uwaambie watu wale wale uliowadanganya kwamba Ulysses Broadnax alijua siku, alijua matokeo, na alimjua kijana wake. Useme kwa kinywa chako, usimtume mtu. Verlene atakuwa ameketi pale.