Mwavuli Wetu na Bomba la Gesi

Kijiweni petu hakukosekani kahawa wala ubishi, na bingwa wa ubishi ni mimi, waulizeni wenyewe. Asubuhi hiyo benchi letu lilikuwa limehamishiwa ng'ambo ya barabara, maana mafundi wa gesi walikuwa wanachimba pale pale tunapokaa siku zote. Mwavuli wetu mkubwa, ambao kila mmoja anadai ndiye aliyeuzamisha ardhini kwa nyundo (ni mimi, pigo moja tu), waliung'oa wakaulaza kando. Wiki nzima tulikuwa tukinusa mayai viza, tukamsingizia mlinzi mstaafu tunayemwita Redio, na buti zake. Kumbe bomba la chini limetoboka! Gesi ikafungwa mtaa mzima, na jiko la Shangazi, muuza kahawa wetu, likazimika.

— Chupa hii ndiyo ya mwisho, alisema Shangazi. Jiko lisipowaka kabla ya adhuhuri, wateja wangu watahamia kona ya pili, na huko hawarudi.

— Usihofu, nikamwambia. Mimi bomba kama hilo niliwahi kuliziba kwa kisigino, tena nasinzia.

— Hiyo ni kazi ya panya, akasema Wembe, kinyozi. Wahenga walinena: paka akiondoka, panya hula bomba.

— Panya gani, wewe! akafoka Redio. Kuna mto unapita chini hapa. Nikilala kifudifudi nausikia. Haba na haba hutoboa kibaba!

— Mto haunuki, bwana, akasema Wembe.

— Wa kwenu ndio haunuki.

Nikaona wananishushia hadhi ya kijiwe.

— Sikilizeni, wanangu. Chini ya mji huu anaishi fuko mkubwa kama ndama. Babu yangu alimpanda.

— Akaenda naye wapi? akauliza Redio.

— Sokoni. Akarudi na chumvi.

— Uongo huu haushuki bila kahawa, akasema Wembe, akanyoosha kikombe.

Shangazi akainamisha chupa. Yakadondoka machicha ya kahawa.

Hapo akapanda kutoka shimoni fundi mmoja, dada mwenye ovaroli, ameshika kipande cha bomba la plastiki la manjano chenye tundu la mviringo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba!

Akautazama mwavuli. Akainua nguzo yake, akaingiza ncha ya chuma kwenye tundu. Ikatoshea kama kidole kwenye pete.

— Nani aliusimika huu?

Wembe akakagua kucha. Redio akainama kufunga kamba za buti, na zilikuwa zimefungwa. Mimi nikashikwa na kikohozi.

— Jibuni basi, mabingwa, akasema Shangazi. Jana tu mlikuwa watatu!

Fundi akacheka, akarudi shimoni. Akaunga kipande kipya, akafungulia gesi, akakipaka povu la sabuni, akangoja. Hakikutoka hata kiputo.

— Washa, shangazi!

Moto wa buluu ukachanua, na Shangazi naye akachanua. Benchi likarudi mahali pake, kahawa ikamiminwa, mwavuli ukabaki umelala. Jua likatukaa utosini, jasho likidondokea vikombeni.

— Jua ni dawa ya mifupa, akasema Redio.

Hakuna aliyembishia.