Kilima cha Kamatanda na Mizigo ya Shangazi

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Na wewe uliyekaa hapa ukimtazama jirani yako kwa jicho la pembeni, nisikilize vizuri, maana mimi nilikuwa bingwa wa jicho hilo.

Miaka ile kazi zilipokufa hapa Likasi, niliuza karibu kila kitu nikanunua motokari kuukuu, ile ambayo moteri yake inaongozwa na kompyuta, nikawa nabeba abiria kwenda Kamatanda. Haikupita muda ikaanza kunichezea. Nikipanda kilima, mahali palepale, moteri inashtuka, inakosa nguvu, inazimika. Na mahali penyewe ni mbele ya shamba la mihogo la shangazi yangu Monika, mjane tuliyekaa naye lupango moja, ua mmoja.

Ndugu zangu, sikumwamini mtu! Kwanza niliwashuku wauza petroli, kwamba wanatia maji. Nikabadili muuzaji, wapi! Nikamshuku fundi wangu, Papa Ilunga, kwamba ananiibia vipuri vizima na kuniwekea vibovu. Akifungua moteri, naketi karibu naye kwenye kigoda, nazikodolea macho buji zake, zile plagi za kuwasha moto, zikitoka na kurudi. Mwisho nikamgeukia shangazi. Mbona kila mara ni kwake? Wenzangu wa maombi wakanikumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikamwambia afunge mizigo, Jumamosi aondoke. Watoto wake wote walikuwa wamekufa, hakuwa na pa kwenda. Akaanza kufunga, na mimi hata utiifu wake niliushuku.

Ijumaa Papa Ilunga alinionyesha kifaa kidogo cheusi kando ya kibati kinachoingiza hewa kwenye moteri. Mafundi wanakiita capteur. Kazi yake ni kuiambia kompyuta umekanyaga pedali kiasi gani. Akageuza ufunguo bila kuwasha moteri, akagusisha nyaya za kipimo cha umeme, kile cha mshale, akaniweka kwenye usukani.

"Kanyaga polepole. Polepole, nakuambia!"

Mshale ukapanda vizuri, halafu ukaanguka hadi sifuri, halafu ukaruka juu tena. Tulirudia mara nyingi. Kila mara ulianguka palepale, pedali ikiwa bado haijafika nusu.

"Imelika mu ndani," akasema. "Pa kilima, mguu yako inakalaka hapa hapa. Kompyuta inawaza umeachilia pedali."

"Na shangazi?"

"Shangazi yako anaingiaka mu capteur?"

Je, niliamini? Hapana! Niliwaza fundi na shangazi wamepatana. Nikaendesha hadi upande wa pili wa mji, mbali na shamba lile, nikatafuta mwinuko mwingine, nikakanyaga kiasi kilekile. Ikazimika. Nikawasha, nikakanyaga, ikazimika tena. Nililia pale barabarani mpaka wapita njia wakanipa pole ya msiba.

Papa Ilunga alitoa capteur kwenye motokari iliyokufa, akaipima mbele yangu, akaifunga kwenye yangu. Nilipanda kilima cha Kamatanda kama mtu anayekwenda harusini. Lakini moyo wangu ulikuwa mzito, kwa kuwa nyumbani mizigo ilikuwa tayari mlangoni.

Nilipiga magoti mbele ya shangazi. Nilimwambia yote, hata yale niliyosema akiwa hayupo, kwamba ananiroga. Akajigusa kifua, akanionyesha mizigo.

"Kufunga, ni minye," akasema. "Kufungua, ni weye."

Nikafungua, fundo kwa fundo, watoto wangu wakinitazama. Ndani hamkuwa na hirizi, ndugu zangu. Ni vikwembe viwili vya kujifunga kiunoni, sufuria, na picha za wanawe.

Namshukuru Mungu aliyenizuia siku moja kabla! Angeondoka Jumamosi ile, leo ningeshuhudia nini? Mtumaini Yeye, Yeye hashuku bure. Na kama kuna mtu nyumbani kwako uliyemwambia aondoke, usingoje baraka ya mwisho. Toka sasa hivi, hatutakushangaa. Nenda ukamfungulie mizigo.