Mwalimu Spéciose na Herufi Inayolala

Marehemu Mwalimu Spéciose Kayitesi alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Karagwe, Tanzania, mtoto wa tatu wa wakimbizi wa Kinyarwanda. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na mama yake, marehemu Nyiransabimana, alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hakukaa tena.

Alisoma hukohuko Karagwe, kisha akasomea ualimu Bukoba. Mwaka 1995 alirudi Rwanda na wazazi wake, wakafikia Nyamirambo, mtaa wa Kigali.

Mwaka 1998 alianza kufundisha chekechea hapo Nyamirambo. Kwake yeye herufi ilichezwa na kuimbwa kwanza, ndipo ikachorwa kwa makaa sakafuni. Na kwa kuwa R na L hutusumbua sisi Wanyarwanda, R aliifanya itetemeke, watoto wakinguruma kama pikipiki inayopanda mlima, na L akailaza chali na wimbo wake wa la-la-la. Wazazi walichukia. Waliona nguo zina masizi na madaftari ni matupu, wakaitisha kikao ili aondolewe. Bwana Léonce, fundi cherehani wa Biryogo, ndiye aliyesimama kuwasemea wenzake: "Mwarimu, mtoto anarara chini tu, atasoma rini?" Binti yake Kaze, wa miaka mitano, akamsahihisha mbele ya watu: "Baba, hiyo ni L, inalala. Lala kwanza, ndiyo utaiweza." Fundi wa watu akacheka hadi machozi, akajilaza sakafuni na koti lake. Mwalimu akabaki na darasa lake.

Tarehe 12 Agosti 2000 alifunga ndoa na Bwana Benon Rwema, mtu mpole aliyezoea kukuta ukuta wa jikoni umechorwa. Walijaliwa watoto wawili.

Juni 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, baadaye akalazwa hospitali ya Kibagabaga. Maumivu aliyavumilia. Kilichomliza ni kusikia watoto wamerudishwa kwenye madawati kunakili ubaoni. Ndipo Shallon, mwalimu kijana aliyeshika nafasi yake, alipokuja kumwona, akasema bila kuficha, "Mwalimu, mimi naona aibu kucheza."

"Aibu ni ya wakubwa, mwanangu. Watoto hawatakuwa na muda wa kukutazama."

Akamfundisha kwa vidole juu ya shuka, wakaimba hadi muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba, Shallon alitoa madawati nje, akapiga simu. Mwalimu aliwekewa simu sikioni, akawasikia watoto wakinguruma darasa zima. Akasema, "Sasa sawa." Alasiri hiyo akafariki.

Ameacha mume, Bwana Benon, watoto wake Keith na Peace, mjukuu mmoja, na watoto wa chekechea ambao asubuhi hii wako sakafuni.

Bwana ampumzishe kwa amani, kama atakubali kutulia.