Moja Iliyobaki: Maisha ya Wilbert Kamugisha, 1908–1957

Padri, wazee wa Chang'ombe, ndugu na majirani, na ninyi mliofunga safari asubuhi hii kutoka Kawe na Bunju, mimi ni Adelard Kamugisha, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ambayo nimeyaandika kwa kufuata barua na madaftari aliyoyaacha, na pale ambapo tarehe haikupatikana nimesema hivyo badala ya kukisia.

Marehemu Wilbert Kamugisha alizaliwa tarehe 14 Machi 1908 huko Kamachumu, Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza wa kiume wa mzee wetu, na kwa sababu hiyo ndiye aliyekuwa mrithi wa kibanja cha migomba na mibuni tulichoachiwa na babu. Alianza kusoma katika shule ya misheni mwaka 1917, mwezi sikuupata, akamaliza mwaka 1924, na kuanzia Januari 1925 hadi Novemba 1928 alisoma shule ya serikali Tabora, ambako ripoti zake zote, ninazo hapa, zinaonyesha kwamba katika hisabati hakuwahi kuwa wa pili.

Aliingia Dar es Salaam kwa treni mwezi Januari 1929, na Jumatatu ya tarehe 4 Machi mwaka huohuo aliajiriwa kuwa karani wa klabu ya gofu ya Wazungu, iliyokuwa nje ya mji upande wa Kawe, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na minane bila kubadili meza, akitoka hapa Chang'ombe kwa baiskeli kabla jua halijachomoza.

Kwa kuwa wengi wetu hatuujui mchezo huo, na maisha yake hayaeleweki bila huo, nieleze kwa kifupi. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, mashimo ni kumi na nane, na uwanja ule ulikadiriwa kuwa mchezaji kamili aumalize kwa mapigo sabini na mawili. Anayezidisha kwa kawaida mapigo ishirini husemwa ana hendikapu ya ishirini, maana yake anapewa nafuu ya ishirini anaposhindana na wenzake, na asiyehitaji nafuu hata ya pigo moja huitwa mchezaji wa sifuri. Kazi ya marehemu ilikuwa kupokea kadi za wanachama, kuzikagua na kuandika kitabuni hendikapu ya kila mmoja. Jina lake mwenyewe halikuweza kuingia katika kitabu hicho, kwa kuwa hakuwa mwanachama wala hakuruhusiwa kuwa.

Hata hivyo siku ya Jumatatu uwanja ulifungwa kwa wanachama, na katibu wa wakati ule alimruhusu kucheza, naye akaanza mwisho wa mwaka 1930 kwa fimbo tatu zilizotupwa, akajiandikia hendikapu ya ishirini na sita katika daftari lake, kwa kanuni zilezile alizowaandikia Wazungu, bila kujipendelea. Kufikia mwisho wa mwaka 1934 alikuwa na kumi na nne. Mwaka huo katibu alimwambia kwamba mtu anayecheza siku moja kwa wiki, bila mwalimu, hafiki sifuri, na kwamba kati ya wanachama wote wa klabu hayupo hata mmoja aliyefika. Marehemu alimjibu, "Wao hawapigi hesabu, bwana."

Alifunga ndoa na shemeji yetu Kokuberwa tarehe 14 Mei 1932 katika kanisa la misheni, Kamachumu, wakajaliwa watoto watatu, Avelina aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1934, ambaye sasa ameolewa Bunju, Gaspar wa tarehe 19 Agosti 1937, fundi katika karakana hapa Chang'ombe, na Tekla wa tarehe 8 Oktoba 1941, ambaye bado anasoma.

Nafika sasa mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini shemeji ameniambia nisipapite. Tarehe 6 Juni 1938 baba yetu alifariki, marehemu akaja Kamachumu kuzika, na baada ya matanga wazee wa ukoo wakamwita waziwazi wakamtaka aache kazi ya pwani arudi kushika kibanja. Wakati huo alikuwa na hendikapu ya nane, na kwa mwendo aliokuwa nao aliamini kwamba miaka minne ingemtosha. Akasimama akasema, "Nitarudi nikishafika sifuri." Wazee wakauliza sifuri ni kitu gani, naye akawajibu kwamba ni daraja. Wakaelewa kuwa ni daraja la kazi ya serikali, linalotolewa kwa mtihani, na baba yetu mdogo akasema kwa furaha, "Basi mwacheni asome, asirudi nusunusu," na wote wakaitikia. Hakuna aliyewasahihisha, mimi nikiwemo, kwa sababu hata mimi nilidhani hivyo mpaka mwaka 1946.

Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekishikilia kibanja kwa niaba yake, na kwa utaratibu wa ukoo wetu anayeshikilia cha mwenzake hajengi nyumba ya kudumu wala hapandi mibuni kwa jina lake, nami nimekaa hivyo kwa miaka kumi na tisa. Nalitaja kwa kuwa ni sehemu ya historia, si kwa kulalamika. Shemeji naye, aliporudi hapa mwaka ule, alikataa kununua kitanda kikubwa akisema kingewasumbua kwenye treni.

Mwaka 1944 alifika tatu. Mwaka 1947 ofisi ya kahawa Bukoba ilimwandikia ikimpa ukarani mkuu, mwendo wa saa chache kutoka nyumbani, nami nikamsihi kwa barua akubali, akanijibu kwa kadi ya posta yenye maneno haya tu, "Nimebakiza mbili, nivumilieni." Mwisho wa mwaka 1949 alikuwa na moja, na hapo akasimama. Majirani mnakumbuka kwamba tangu hapo mlimwita Bwana Moja, na kila Jumatatu jioni Mama Somoe, ambaye amekaa pale mbele, alikuwa akimpokea barazani kwa swali lake, "Haya Bwana Moja, umeshuka leo?" naye akishuka kwenye baiskeli na kujibu, "Nimeshuka baiskeli tu, mama."

Kwa kanuni za klabu alihitaji kadi nne za sabini na mawili ndani ya mwaka mmoja wa mchezo, unaofungwa tarehe 30 Septemba, na kila kadi iandikwe na shahidi aliyetembea naye mashimo yote. Shahidi wake kwa miaka mingi alikuwa rafiki yake Bwana Taiyeb Sadruddin, mwenye duka la vifaa Temeke, aliyekuwa akiiuzia klabu oili ya kumwagia mchanga unaozunguka mashimo ili upepo usiupeperushe, na ambaye naye hakuruhusiwa kucheza ila Jumatatu. Katika mwaka wa mchezo ulioisha Septemba 1956 marehemu alikuwa amekwisha kupata kadi tatu za namna hiyo. Jumatatu ya tarehe 17 Septemba walicheza, mpira wa mwisho ukaingia shimoni, na Bwana Taiyeb akajumlisha mara mbili akapata sabini na mawili, akatupa kofia akapiga kelele, "Umefika, Bwana Wilbert! Mwambie mama afunge mizigo!"

Marehemu akaomba kadi, akasema kwamba katika shimo la kumi na moja, alipoweka fimbo nyuma ya mpira kwenye majani, mpira ulisogea, na kanuni inasema hilo ni pigo.

"Mimi sikuona kitu," alisema Bwana Taiyeb.

"Nimeona mimi."

"Shahidi ni nani hapa, wewe au mimi? Nimeandika nne."

"Andika tano, Taiyeb. Tafadhali."

Bwana Taiyeb ameniambia kwamba aliikataa kalamu, ndipo marehemu akaandika tano kwa mkono wake. Akaletwa nyumbani kwa gari, na shemeji alipoelezwa alisema maneno ambayo ameniruhusu niyasome kama yalivyo, "Baba Avelina, mpira umesogea upana wa ukucha ukauona. Sie tumekaa hapa miaka kumi na minane hatujasogea, hilo huoni?" Marehemu alimjibu kwamba analiona. Jumatatu iliyofuata, ya mwisho katika mwaka ule, alipata sabini na tisa.

Ugonjwa wa moyo ulianza kujitokeza Februari 1957 kwa kuvimba miguu, Juni daktari akamkataza baiskeli na kutembea mwendo mrefu, naye akaendelea kupelekwa kazini kwa gari la Bwana Taiyeb, akikagua kadi za wengine, hadi tarehe 28 Oktoba alipolazwa. Mimi niliwasili tarehe 9 Novemba. Tarehe 12, akiwa na nguvu kidogo, alinituma nikamletee daftari lake la mwaka 1949, na katika ukurasa wa mwisho nikakuta amepiga hesabu kwamba alipoanza kila pigo lilimchukua miezi minne kulipunguza, baadaye saba, baadaye kumi na sita, mwishowe thelathini, na kwamba mwili wa mtu aliyevuka miaka arobaini huanza kurudisha mapigo upesi kuliko unavyoyapunguza, na chini yake ameandika, "Haifiki kwa Jumatatu peke yake."

Akaniambia, "Adelard, mie nilijua tangu mwaka ule. Hii ya mwaka jana ilinidanganya kidogo tu."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukurudi, kaka?"

"Ningewaambia nini wazee? Niliwatajia sifuri."

"Wazee wale wote wamekwisha kufa."

"Ndiyo hivyo. Hakubaki wa kuniruhusu."

Nilimwambia kwamba namruhusu mimi, akatabasamu akaniambia kwamba mimi ni mdogo wake. Alifariki jana, Jumamosi tarehe 23 Novemba 1957, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na ameacha mjane, watoto watatu na hendikapu ya moja.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku ishirini na sita, Padri aliyempa sakramenti, majirani wa Chang'ombe waliolala nasi, Mama Somoe aliyepika tangu jana bila kuketi, na Bwana Taiyeb na mkewe Bi Fatema, ambao hatuna neno la kuwatosha. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa klabu, na katibu wa sasa, aliyefika asubuhi hii na barua inayosema kwamba klabu itamwandika kitabuni kuwa mchezaji wa sifuri kwa heshima. Tumeipokea barua kwa adabu, na tumemwomba asimwandike, kwa sababu marehemu ameiandika tano kwa mkono wake na sisi hatuwezi kuifuta.

Shemeji ameamua kubaki Chang'ombe. Nilipomwambia kwamba sasa njia iko wazi, alinijibu kwamba Kamachumu hana tena anayemjua isipokuwa mimi, na kwamba kesho anakwenda kununua kitanda.

Linabaki la kibanja, ambacho kwa haki ni cha Gaspar. Gaspar, mwanangu, mbele ya watu hawa sikuulizi leo, lakini utakaponijibu, sema nakuja au siji, na ukisema siji hakuna atakayekulaumu, ila usitutajie namba yoyote ya kungojea.

Kaka Wilbert, mimi mdogo wako nimekuruhusu, ukubali usikubali. Lala sasa, upumzike.