Mumiani Alikamatwa Siku ya Alhamisi

Kibanda changu cha kushonea viatu kiko nyuma ya stendi ya Sumbawanga, pale mabasi ya watu binafsi yanapogeuzia, na mbele yake kuna benchi la mbao ambalo sijui hata nani alilileta. Mama Luciana anauza kahawa na karanga pembeni. Mwaka ule wa tisini na nne, mwezi wa saba, baridi ilikuwa inakata masikio na kila mtu alikuwa ndani ya koti la mitumba. Wenyeji wa benchi, ukiniacha mimi, walikuwa watatu. Mwalimu Polikarp, mstaafu, alifundisha nusu ya mji huu kusoma na nusu iliyobaki aliicharaza viboko. Nestory tulimwita Masafa, kwa sababu ya redio yake ya masafa mafupi aliyotembea nayo kwapani. Na Ignasi, utingo wa lori la mpunga, jina lake la kijiweni ni Dizeli. Jumamosi ile asubuhi Dizeli alishuka kwenye lori lililotoka bonde la Rukwa, hajanawa hata uso, akaja moja kwa moja kwetu anacheka.

— Shikamoo mwalimu. Washikaji, mambo. Mumiani amekamatwa.

— Marahaba. Amekamatwa wapi? — Mwalimu aliuliza bila kuinua macho kwenye kikombe.

— Bondeni. Kijiji kimoja huko njia ya Kaoze, juzi Alhamisi. Wamempiga mpaka akazimia. Pikipiki yake wameitia moto.

Masafa akazima redio. Huwa haizimi hata msibani.

— Mimi nilisema. Nilisema hapahapa. Zamani mumiani alikuwa mtu wa serikali, anakuja na gari lake la zimamoto, anachukua watu wawili watatu, anaondoka. Sasa ni soko huria. Kila mwenye pikipiki anaweza kuwa mumiani.

— Na leseni wanakata wapi? — akauliza Mama Luciana.

— Mama, usicheke. Damu ni mali. Inavuka mpaka usiku inaingia Zambia, huko inachemshwa kwenye mapipa, inakuwa dawa ya matajiri wasizeeke.

— Siyo Zambia, — Dizeli akamkatiza. — Kule bondeni wanasema inakwenda viwandani. Hii mitambo inayouzwa kwa watu binafsi haiwaki kwa umeme peke yake. Inataka damu kwanza ndiyo izunguke.

— Hilo nalo lina ukweli, — Masafa akasema, na akasogea karibu. — Lakini kumjua mumiani kuna namna. Mumiani halisi hatoki jasho. Msimamishe juani kutwa nzima, mkavu kama jiwe.

Dizeli akakuna kichwa.

— Huyu wanasema alitoka jasho sana.

Mwalimu akaweka kikombe chini.

— Mna wazimu nyinyi wawili. Mnajua hata hilo neno limetoka wapi? Mumiani ilikuwa dawa. Kitu cheusi kama lami, kiliuzwa madukani huko pwani, watu wakitibia mifupa iliyovunjika. Mmoja akauliza imetengenezwa kwa kitu gani, mwenzake akamjibu damu. Basi. Dawa ikageuka mtu, mtu akageuka zimwi, na zimwi limefika mpaka kwenye benchi hili.

— Kwa hiyo mwalimu unakubali kwamba kulikuwa na damu, — Masafa akasema.

— Nimekwambia lami.

— Umesema damu. Fundi, si amesema damu?

Mimi nilikuwa na sindano mdomoni. Mwalimu alikuwa ameshasimama.

— Nisikilize wewe. Nikiwa mtoto kule Kate, likisikika gari, bibi yangu alituficha kwenye kihenge cha ulezi. Tunakaa humo ulezi umetuingia puani, hatuthubutu kupiga chafya. Na alikuwa na sababu zake. Kaka zake wawili walipakiwa kwenye lori kwenda kukata mkonge. Hawakurudi. Hakuna barua, hakuna kaburi. Bibi alitembea siku mbili hadi boma kuuliza wako wapi, hakuna aliyemjibu. Alipokosa jibu akajijibu mwenyewe. Huyo ndiye mumiani wenu. Ni watu waliopotea na wakubwa wakanyamaza.

— Ndiyo hivyohivyo hata sasa, — akasema Dizeli. — Wakubwa wamenyamaza, wananchi wamejijibu.

— Mwaka sabini na moja, — Mwalimu aliendelea kana kwamba hakumsikia, — nilikwenda kozi Morogoro. Mwenzangu wa chumbani aliposikia natoka Sumbawanga aliogopa uchawi, akabeba godoro, akalala kwenye korido wiki mbili. Asubuhi ananiuliza radi tunauziana bei gani. Mimi, mtu niliyelelewa misheni. Na mpaka leo mkienda Dar es Salaam mnaulizwa hivyohivyo, mnarudi hapa mnalia mmedhalilishwa. Halafu nyinyi ndio wa kumwita mtu mwingine mumiani?

Mama Luciana akamimina kahawa bila kuulizwa. Nikatoa sindano mdomoni.

— Dizeli, huyo mtu yukoje?

— Mimi sikumwona, nilikuta wameshammaliza. Wanasema mrefu, mweusi. Ana kisanduku cha bluu cha kuwekea barafu. Na buti. Moja watu walikuwa wanaonyeshana pale kijijini, limeshonwa kisiginoni kwa uzi mweupe.

Uzi ule mweupe niliushona mimi. Mweusi ulikuwa umeniishia, nikamwambia samahani, akasema hakuna neno, bora maji yasiingie. Jina lake Zenon, mtu wa Kaengesa, kazi yake kupima ugonjwa wa malale. Anamtoboa mtu kidole, tone moja analiweka kwenye kioo, kioo anakirudisha mjini kikaangaliwe. Siku kumi kabla ya hapo alikaa kwenye benchi hili akisubiri buti lake. Alikunywa vikombe viwili. Alituambia ndorobo, wale mbung'o, wamezidi bondeni na anaogopa mwaka huu watu watasinzia wasiamke.

Nilikumbuka na yaliyofuata. Alipowasha pikipiki akaondoka, Masafa aliuliza, huyu damu yote hiyo anaipeleka wapi. Tukacheka. Nami nikataka wacheke zaidi. Nikasema, pale alipoweka kisanduku chake pamebaki doa jekundu.

Doa halikuwepo.

— Dizeli, kule bondeni nani aliwaambia kwamba huyo ni mumiani?

— Nitajuaje?

— Nakuuliza.

Akaangalia pembeni.

— Mimi nilipiga stori tu. Tulikuwa mashineni tunasubiri mpunga ukobolewe, watu wengi, jua kali. Nikasema kijiweni kwetu amepita jamaa ana pikipiki, kisanduku chake kinadondosha damu. Stori ya kawaida. Wao ndio waliotoka mbio waliposikia pikipiki.

Sikumbuki nilivyosimama. Nilijikuta nimemkaba kola ya koti, mshono umeachia begani, kahawa imemwagika kwenye ngozi zangu za viatu.

— Umemuua mtu wewe. Umemuua mtu kwa mdomo.

— Hajafa, fundi. Na usinishike. Doa nimelisema mimi? Nani alisema doa?

Masafa alikuwa anatafuta redio yake kama vile imepotea, nayo ilikuwa kwapani.

— Mwachie, — Mwalimu akasema. — Kama ni kupiga, tuanze na mwenye doa.

Nikamwachia. Mama Luciana, ambaye miaka yote ile sijapata kumsikia akimkosea heshima Mwalimu, aliweka birika chini.

— Na wewe mwalimu ulikuwepo. Ulikaa hapohapo ulipo. Habari za lami na mkonge ulikuwa unazijua siku ile. Mbona hukusema? Ulicheka. Nilikuona meno. Na mimi niliendelea kumimina kahawa.

Mwalimu akakaa.

Tulikuwa bado hivyo, kila mtu anamchukia mwenzake, alipotokea mwanamke mmoja kutoka upande wa barabara ya hospitali. Alikuwa amejitanda kitenge mabegani, mkononi chupa ya chai. Alisimama mbele ya kibanda akasoma kibao changu taratibu.

— Shikamooni.

— Marahaba, — akaitikia Mwalimu peke yake.

— Naitwa Herieth. Mume wangu ni Zenon, yule aliyepigwa bondeni. Amelazwa.

Mama Luciana akamsogezea kigoda. Hakukitazama.

— Aliyemwokoa ni mfugaji mmoja, Msukuma, Maganga. Alimlalia juu wakampiga na yeye, mbavu zimevunjika. Mkewe, Sayi, ndiye aliyefunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akamfikisha mume wangu mpaka barabara ya magari. Jicho moja madaktari wamesema limekwenda. Jana amezinduka. Anasema waliokuwa wanampiga walikuwa wanapiga kelele kwamba habari zake zinajulikana mjini, kijiweni nyuma ya stendi, kwa fundi viatu.

Aliongea kama mtu anayetoa taarifa ofisini. Ingekuwa nafuu angetutukana.

— Sikuja kugombana, baba zangu. Nina swali moja. Hiyo damu alimnyonya nani?

Alitutazama mmoja mmoja.

— Nitajieni mtu mmoja. Jina lake na kijiji chake. Kama yupo, mimi nakwenda kwa mama yake leo hii nikampe pole, nikamwombe msamaha kwa niaba ya mume wangu. Mmoja tu.

Masafa, mwenye habari za dunia nzima, alitazama kokoto miguuni. Dizeli alikuwa ameshika begani pale koti lilipochanika. Mwalimu alijishika paji la uso. Basi la Mbeya likapiga honi, likatoka, vumbi likatupita, na yule mama bado amesimama anasubiri jina.

— Haya, — akasema mwisho. — Asanteni.

Nilimfuata. Nilimpata kwenye mtaro, nikamwambia yote: buti, uzi, kisanduku, doa ambalo halikuwepo. Nilikuwa nalia, na nilikasirika kwamba nalia mbele yake, maana haikuwa haki yangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

— Kwamba halikuwepo mimi nilikuwa najua, — akasema. — Kawaambie wao.

Akaondoka na chai yake kabla haijapoa.

Jumatatu nilipanda lori la mpunga. Dizeli alikuwa juu ya mzigo wa magunia matupu, hatukusemeshana njia nzima ya kuteremka bondeni. Kwenye mashine ya kukoboa niliwakuta watu kama thelathini. Niliomba wazime injini, wakazima. Nikawaambia mimi ndiye fundi viatu wa nyuma ya stendi, kwamba lile doa nililitunga kwa mdomo wangu ili wenzangu wacheke, na kwamba Zenon alikuja kuwasaidia wasife usingizini. Nilisema mara mbili ili asibaki mtu ambaye hakusikia.

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja akaniuliza nimetumwa na nani, na wamenipa nini nije kusema hivyo. Nikasema hakuna aliyenituma. Wakatazamana. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alimvuta mtoto wake nyuma, akamfunika uso kwa kanga ili nisimwone.