Kura ya Bi Kaltham

Basi la Sur, huku Oman, lilipotoka mji wa Ibra, kijana aliyekaa mbele yangu alimwamkia mama mtu mzima wa pembeni yake. Hatujaumaliza mji, wamekwishajuana majina, Humoud na Bi Kaltham, na wamekwishaingia kwenye siasa.

"Wajumbe wa baraza la Majlis Shura tunawachagua wenyewe," alisema Humoud. "Wa Majlis Daula, baraza la juu, wanateuliwa na Sultani. Kwa nini na wao tusiwapigie kura?"

"Anayeteua angalau anamjua anayemteua. Weye Shura ulimchagua nani?"

"Mtu wetu. Tulikutana sablani, ukumbi wetu wa mikutano, wazee wa kabila wakamtaja."

"Basi hukuchagua, mwanangu. Uliitikia."

Humoud akamgeuzia swali. "Na wewe, mama?"

"Mie mjukuu wangu alinifundisha kupiga kura kwa simu. Nilipokwishajua nikamtoa chumbani, nikafunga mlango, nikamchagua nimtakaye. Wa kwetu aligombea, sikumpa."

"Wanajua?"

"Waambiwe na nani?"

"Basi si unaona! Hata wa Daula ungeweza kuwachagua."

"Mie ningeweza. Weye je?"

Basi likasimama Al Kamil. Bwana mmoja wa makamo, kilemba kimekaa sawasawa, akaja mlangoni kumpokea Bi Kaltham kikapu. Humoud akaninong'oneza, "Huyu si ndiye picha zake zilijaa njia nzima wakati wa uchaguzi? Alikosa kiti."

Yule bwana akambusu Bi Kaltham kichwani. "Karibu nyumbani, mama."

"Ahsante, mwanangu," akasema, kisha akatugeukia. "Huyu ndiye mwanangu wa kuzaa. Fi amanillah, Humoud. Nisalimie wazee wa sabla."