Shati Lisilo na Funzo

Nyuma ya maduka ya Adams Arcade, pale ambapo njia ya kwenda Jamhuri inajitoa kwenye kelele za Ngong Road, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Hapo Sharif, mzaliwa wa Lamu aliyekuja Nairobi kutembea na kusahau kurudi, huuza kahawa chungu mpaka birika likauke. Wateja wake hawaji kwa ajili ya kahawa tu. Wanakuja kubishana, na asiye na la kubishia huazima kwa jirani. Huwezi kukaa pale siku nyingi ukabaki na jina ulilopewa na mama yako. Dedan, karani mstaafu, anaitwa Hansadi, kama zile kumbukumbu za Bunge, kwa sababu akianza kusema hakuna spika wa kumkatiza. Kavata, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, ni Setibuku, kama vile vitabu teule vya mtihani. Na Wanjugu, aliyegeuza banda la kuku nyumbani kwao Jamhuri kuwa ofisi ya kuchapisha vitabu vyembamba vya mashairi na hadithi za ajabu za kutisha, wanamwita Mama Giza, naye anaitika.

Asubuhi moja Mama Giza alifika na uso wa vita. Desturi yake ni kwamba kitabu chake hakiingii mashineni kabla benchi halijakionja. Hukisoma pale kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Si kwamba anafuata maoni yao. Angeyafuata, siku hizi angekuwa anachapisha kalenda. Anachotaka ni kuona wataacha kunywa wapi. Hadithi ya mwisho katika kitabu kipya, iliyoandikwa na Ochola, kijana anayejaza watu mafuta kwenye kituo cha petroli, alikuwa amewasomea jana yake, na kahawa ikapoa vikombeni. Ni hadithi ya mama anayepika chakula cha jioni, na mwanawe anarudi nyumbani akiwa shati tu. Hana kichwa, hana mikono. Shati linaingia, linavuta kiti, linakaa, na mama anapakua. Siku ya pili linarudi tena. Hadithi inaisha mama akiwa anachagua mchele.

Tatizo lilianza na Janice, mwenye duka la vitabu kule Spring Valley, mtaa wa matajiri. Alikuwa amekubali kukiweka kitabu dirishani na kukipeleka mashuleni, mradi kiwe na ukurasa wa mwisho wenye kichwa "Funzo". Alisema wazazi hawanunui kitu kisichofunza. Ochola naye alimwambia Wanjugu, kwa upole wote aliozaliwa nao, kwamba funzo likiingia, jina lake litoke. Bila Janice kitabu kingeuzwa mkono kwa mkono kutoka kwenye mkoba wa Wanjugu, kama vyote vilivyotangulia, na Wanjugu alikuwa amechoka na mkoba. Mwenye mashine ya kuchapa huko mjini alikuwa akisubiri simu yake kabla ya adhuhuri: ukurasa uwepo ama usiwepo.

— Weka tu, Setibuku alisema. — Ukurasa mmoja utakuua?

Mwalimu alikuwa ameshaliandika funzo kwenye simu yake, bila kuombwa, na akalisoma kwa sauti ya darasani: "Hadithi hii inatufunza kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Akalisoma tena, maana lilimpendeza. Akaeleza kuwa miaka yote amefundisha maudhui, wahusika, mbinu za lugha, halafu funzo, na kwamba hadithi ikikosa funzo mwanafunzi hajui aandike nini kwenye mtihani.

— Kwanza tukubaliane hii shati ni nini, Hansadi akaingilia. — Hii shati ni kaunti. Mwili haina, lakini kila jioni inataka kulishwa.

— Ni ishara ya ufisadi, Setibuku akamsahihisha. — Na mchele ni kilimo.

— Mchele ni mchele, Wanjugu akasema.

Hakuna aliyemsikiliza. Sharif aliweka birika chini na kuwaambia kwamba wote wamepotea njia, kwa sababu hawajui nguo. Kwa maoni yake shati lile lilitoka kwenye mtumba. Mwenye shati amefia huko Ulaya, nalo likaja na meli kutafuta kifua kingine cha kukaa, na ndiyo maana yeye Sharif havai nguo ya soko la Gikomba bila kuisomea dua. Hansadi aliona hoja hiyo ni nzuri kuliko yake, jambo ambalo hawezi kulivumilia.

— Hapana, alisema. — Hebu niulize. Nyinyi mbunge wenu mlimwona lini, mwili wote? Mimi nimeona bango. Nimeona shati ndani ya gari. Watu wa huu mji wanatawaliwa na mashati toka zamani, na hakuna mtu amewahi kuinua kola aangalie kama kuna shingo. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo methali inaingia wapi, mzee? Setibuku akauliza.

— Shati inapigwa pasi ikiwa na maji maji.

Setibuku, anayelipwa mshahara kusahihisha methali, alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, ugonjwa wa benchi ulikuwa umemwingia na yeye. Akasema labda mama ndiye aliyekufa. Labda shati ndilo lililo hai, na kila jioni linakwenda kaburini kula na mama yake. Hansadi akauliza: kama ni hivyo, nani hapa ana hakika yu hai, na ni nani aliyemwona mwenzake akifika benchini leo? Wote wakainama kutazama miguu yao, na Sharif akahesabu vikombe.

Wanjugu alicheka pia, lakini hasira yake ilikaa palepale. Alilelewa na vitabu ambavyo mtoto mkaidi huumwa na nyoka na mtoto mtiifu hupata kazi. Mtaani kwao aliwaona nyoka wakiuma yeyote, na kazi zikienda kwa wenye mjomba. Ndiyo maana aliwafukuza kuku kwenye lile banda. Alitaka kuwe na kitabu kimoja, hata kiwe chembamba vipi, ambacho hakimdanganyi msomaji kwa ajili ya kumtuliza. Lakini dirisha la Spring Valley alilitamani, tena sana, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Simu ilikuwa mkononi mwake na hakujua angesema nini.

Mwisho wa benchi alikaa mwanamke mmoja wa makamo, mfuko wa viazi miguuni. Hakuwa mtu wa pale. Alipita tu jana yake, akasimama kusikiliza ile hadithi mpaka mwisho, na leo alikuwa amerudi. Sharif alipomuuliza jina alisema Rael, akanywa kahawa yake polepole.

— Samahani, dada, alimwambia Wanjugu. — Huyo mama, hiyo shati aliifua, ama aliiacha vile ilikuja?

Setibuku alianza kusema kwamba kwa mujibu wa hadithi, kisha akaona hadithi haina mujibu wowote hapo. Wanjugu alikuwa ameipitia kazi ile mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Alikuwa amegombana na Ochola juu ya mkato mmoja mchana kutwa. Swali hilo halikuwahi kumpitia akilini.

— Kwani waulizia nini, mamangu? Sharif alimwambia taratibu.

— Kijana yangu alienda tao, huko mjini, siku ya maandamano, Rael alisema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. — Yeye hakurudi. Marafiki zake ndio waliniletea shati. Mimi yangu sijafua. Kwa nyumba wananiambia nifue, nikubali, maisha iendelee. Sasa nikasema wacha niulize huyu wa hadithi alifanya aje.

Sharif alimjazia kikombe ambacho bado kilikuwa nusu. Wanjugu alihisi machozi yakimjia na hakuyataka, kwa sababu haikuwa zamu yake kulia. Akamgeukia Kavata, na safari hii hakutumia jina la benchi.

— Mwalimu, lile funzo lako. Msomee.

Kavata aliitazama simu yake. Maneno yalikuwa palepale, yale yale yaliyompendeza muda mfupi tu uliopita. Akamtazama Rael, akatazama mfuko wa viazi.

— Siwezi, alisema.

— Haya. Kama huwezi kumsomea huyu, hakuna mtoto wa shule atasomewa.

Hakuwa akimkaripia, na Kavata alijua. Kavata alilifuta lile funzo mwenyewe, huku Wanjugu akipiga simu mjini. Mwenye mashine aliuliza mara mbili, kama mtu aliyeshauriwa na Janice.

— Nimesema washa mashine, Wanjugu akamjibu. — Ukurasa wa mwisho haupo. Inaishia kwa mchele, na jina la Ochola linakaa juu kabisa. Akiuliza Janice, mwambie ni mimi nimekataa. Namba yangu anayo.

Alikata simu. Alijua amejifungia dirisha la Spring Valley, na kwamba mkoba ule utamkata bega mwaka mwingine, kutoka benchi hadi benchi. Hakujuta. Alikuwa na furaha kali, ya mtu aliyeambiwa apige magoti akagundua kwamba magoti ni yake. Kisha akasogea mpaka mwisho wa benchi, akakaa karibu na Rael.

— Mama, swali lako sina jibu. Hadithi haisemi, na mimi sijui.

Rael aliitikia kwa kichwa, akaushika mkono alionyooshewa na Wanjugu.

— Ni sawa, alisema. — Ni wewe wa kwanza kuniambia hajui.